Maji Hayasomi Hati ya Shamba: Mafunzo Niliyopata Kando ya Bwawa Letu

Shamba letu liko upande wa Bahati, kaskazini mwa mji wa Nakuru. Ndani yake kuna bwawa dogo lililochimbwa na mlowezi wa Kizungu kabla ya Uhuru ili ng'ombe wake wapate maji wakati wa kiangazi. Baba mkwe wangu alinunua shamba pamoja na bwawa lake, na mwaka 2011 likatufikia mimi na mume wangu. Tuta lina urefu wa hatua themanini na kimo cha mita nne hivi. Bwawa likijaa, maji hutanda kwenye eneo la ekari moja.

Mwanzoni tuliliona kama pambo la shamba. Asubuhi mdiria hutua kwenye waya na kuchungulia samaki, jioni maji hugeuka rangi ya shaba. Watu wa mjini wakaanza kutuuliza kama wanaweza kuja Jumapili na watoto wao, wavue, wachome nyama, wapumzike. Mwaka 2014 tukakubali. Tukajenga vibanda vitatu vya nyasi, tukanunua mashua ndogo, tukatoza kiingilio cha kiasi.

Nilichokuwa sijakielewa ni uzito wa kile tulichokuwa tumerithi. Maji ya ekari moja yenye kina cha wastani wa mita moja na nusu yana uzito wa tani 6,000 hivi. Ni sawa na malori 600 ya tani kumi yaliyoegeshwa kwenye mteremko, na mwenye bwawa ndiye aliyeshika breki.

Haya ndiyo niliyojifunza tangu hapo. Mengi niliyapata kwa hofu, na moja kwa machozi. Nayaandika kwa ajili ya kila mwenye bwawa au lambo, na kwa kila mzazi anayepeleka watoto kutembea kando ya maji.

1. Usizibe njia ya maji ya ziada, hata kwa ajili ya samaki

Pembeni mwa tuta la bwawa la udongo kuna sehemu iliyoachwa chini kidogo, ambayo maji hupitia bwawa likijaa. Wahandisi wa Tanzania huiita utoro, na jina linaeleza kazi yake: maji yaliyozidi yatoroke kabla hayajapanda juu ya tuta. Tuta la udongo halistahimili kupitiwa na maji juu yake. Yakianza kumwagikia upande mkavu hukwangua udongo, kijifereji huwa mfereji, na baada ya muda mfupi tuta limekatika.

Mwaka 2016 tulipandikiza vifaranga 2,000 vya ngege. Mvua ilipojaza bwawa, tuliwaona samaki wakitoka na maji kupitia utoro. Fundi mmoja akatushauri tukinge wavu wa waya pale. Tukakinga, tukafurahi kwamba mali yetu haiendi tena.

Aprili 2018 mvua ya masika ilinyesha kama haitakoma. Usiku mmoja, yapata saa nane, kijana anayetusaidia kazi alibisha dirishani. "Mama, amkeni. Maji yanataka kupanda tuta." Tulitoka na tochi. Majani ya mikaratusi, mabua ya mahindi na chupa za plastiki vilikuwa vimejibandika kwenye wavu mpaka ukawa ukuta. Niliweka mkono tutani kupima. Kutoka majini hadi juu ya tuta ilikuwa shubiri moja. Mume wangu alifunga kamba kiunoni, tukaishika mimi na yule kijana, naye akakata vifungo vya wavu kimoja baada ya kingine. Cha mwisho kilipokatika, wavu ulipeperuka na maji kama shuka kwenye upepo, na ngurumo ya maji yaliyofunguliwa ikajaa bonde zima. Kilichomsalimisha ni Mungu na ile kamba.

Baadaye nilisoma habari za bwawa la South Fork, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani. Lilimilikiwa na klabu ya matajiri wa Pittsburgh waliokwenda kuvua na kupumzika; Andrew Carnegie na Henry Clay Frick walikuwa miongoni mwa wanachama. Klabu ilikinga vyuma kwenye njia ya maji ya ziada ili samaki wasitoroke, na ikapunguza kimo cha tuta ili magari ya farasi yapite vizuri juu yake. Mabomba ya kupunguzia maji yalikuwa yameshaondolewa na hayakurudishwa. Tarehe 31 Mei 1889, baada ya mvua kubwa, takataka ziliziba vyuma vile, maji yakapita juu ya tuta, nalo likavunjika. Mji wa Johnstown ulikuwa kilomita 23 hivi chini yake. Walikufa watu 2,209.

Niliposoma habari ya vile vyuma vya samaki nilifunga kitabu nikatoka nje kupata hewa. Klabu ile ilikosea kwa sababu ileile iliyotukosesha sisi.

Na si lazima liwe bwawa. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, kule Mai Mahiu, tundu la kupitishia maji chini ya tuta la reli lilizibwa na takataka. Maji yakajikusanya nyuma ya tuta mpaka likapasuka, na zaidi ya watu 40 wakapoteza maisha.

Wavu wetu haukurudi. Ngege anayetaka kwenda na aende. Kabla ya kila msimu wa mvua tunafyeka utoro, tunatoa tope, na tunahakikisha hakuna gogo wala jiwe lililolala njiani.

2. Hesabu nyumba zilizo chini ya bwawa lako

Wiki chache baada ya usiku ule, tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba kubwa la watu binafsi huko Solai, katika kaunti yetu hii ya Nakuru, lilipasuka usiku. Maji yaliteremka na matope na mawe, yakakumba watu majumbani mwao. Zaidi ya watu 40 walikufa, wakiwemo watoto wengi. Tulikusanya mablanketi na unga kama majirani wengine, lakini moyoni nilibeba jambo ambalo sikumwambia mtu: kilichotutenganisha sisi na Solai ni shubiri moja.

Wiki hiyohiyo nilifanya kitu ambacho kwa miaka saba sikuwahi kukifanya. Nilianzia kwenye utoro wetu nikafuata kijito kwa miguu, nikateremka nacho mpaka barabarani. Nilihesabu nyumba 14, kanisa moja, na darasa la chekechea. Mbele ya nyumba ya saba alikuwa ameketi mzee ambaye huja kuvua kwetu. Nilimwamkia, nikamweleza nilichokuwa nikifanya. Aliniangalia kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, mvua ikinyesha usiku sisi huku chini hatulali. Tunasikiliza bwawa lenu."

Sisi tulikuwa na hati ya shamba, wao walikuwa na usiku wa kukesha. Maji yakipasua tuta hayaulizi mpaka uko wapi wala nani analipwa kiingilio.

Tangu siku hiyo nina orodha ya simu za nyumba zote 14, na nakala iko kwa mzee na kwa mchungaji. Tulikubaliana ishara: kengele ya kanisa ikipigwa mfululizo usiku, kila mtu apande kwenye kilima upande wa shule, asirudi kuchukua chochote. Kila mwaka mvua inapokaribia tunaijaribu mchana, watoto wakikimbia na kucheka. Wacha wacheke. Miguu yao inaijua njia.

3. Kagua tuta kwa miguu yako, upande mkavu kwanza

Mhandisi tuliyemwita baada ya Solai alinishangaza. Hakuyaangalia maji. Alikwenda upande mkavu wa tuta, akatembea polepole akiwa ameinama kama mtu aliyeangusha sindano.

La kwanza alilotuonyesha ni mikaratusi mitano iliyopandwa tutani na baba mkwe kwa ajili ya kivuli. Mti ukikua, mizizi yake hupenya tuta. Ukifa, mizizi huoza na kuacha mashimo marefu ambayo maji huyatumia kama mabomba. Upepo ukiung'oa, huondoka na kipande cha tuta. Wakati wa kiangazi, bwawa likiwa limepungua, tuliitoa yote na visiki vyake, tukajaza mashimo kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka. Leo juu ya tuta kuna nyasi tu, na tunazikata fupi ili kila kasoro ionekane. La pili lilikuwa mashimo ya fuko. La tatu ni kijia cha ng'ombe waliozoea kuvuka juu ya tuta na kulichimba kwa kwato mpaka likabonyea. Kila palipobonyea ndipo maji yatakapopita kwanza. Mwisho alitutaka tupanue utoro mara mbili na kuushusha, ili bwawa likijaa kabisa bado ibaki mita moja ya tuta juu ya maji.

Lakini lililonikaa zaidi ni somo la glasi. Chini ya tuta palikuwa na unyevu, na maji kidogo yalichuruzika kati ya nyasi. Mhandisi aliyakinga kwenye glasi, akainua juani. "Mama, haya ni safi. Tuta la udongo huvuja kidogo. Siku utakapoona yamegeuka ya matope, jua kwamba tuta linaliwa kwa ndani. Siku hiyo usingoje kesho."

Ile glasi naitunza jikoni, na hakuna anayeruhusiwa kuinywea. Kila Jumamosi naenda nayo kwenye tuta, na wakati wa mvua naenda kila siku. Naandika kwenye daftari: tarehe, kimo cha maji kwenye kigingi, rangi ya maji kwenye glasi. Yakigeuka, tunajua la kufanya: tunafungua bomba la kupunguzia maji, tunawapigia simu walio chini, tunamwita mhandisi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa tuta huenda usimwachie mtu nafasi ya kujenga.

4. Mfa maji si kila mara hutapatapa

Methali ya mfa maji tumefundishwa sote, nami niliifundisha darasani kwa miaka mingi. Niliamini kwamba mtu akizama atapiga kelele na kurusha mikono, nasi tutamwona.

Jumapili moja ya Desemba 2014, vijana wa kanisa walikuja kutembea. Mmoja wao, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyejifunza kuogelea kwenye bwawa la hoteli, aliamua kuvuka mpaka ng'ambo. Ni kama mita hamsini. Mimi nilikuwa kibandani namenya viazi. Nilipoinua macho, alikuwa amesimama katikati ya maji. Kichwa kilikuwa kimelala nyuma, mdomo ukizama na kutoka, mikono ikisukuma maji pande zote mbili kama mtu anayetandika kitanda. Hakuita. Msichana mmoja akasema, "Anatuchezea tu huyo," na wenzake wakacheka.

Aliyejua kilichokuwa kikitokea ni yule mzee mvuvi. Alikuwa amekalia mtungi mtupu wa lita 20, kama ilivyokuwa desturi yake. Aliufunga kamba ya ng'ombe aliyokuwa nayo, akaingia majini hadi magotini, akaurusha. Mara ya kwanza haukufika. Mara ya pili ulipita pembeni. Mara ya tatu kijana aliukumbatia, nasi tukamvuta. Alipopata pumzi, maneno yake ya kwanza yalikuwa, "Niliwaita. Mbona niliwaita sana?" Hakuna hata mmoja wetu aliyemsikia.

Mtu anayezama anahitaji mdomo kwa ajili ya pumzi, hana nafasi ya kuita. Mikono inakandamiza maji ili kichwa kisizame, haiwezi kupunga. Hali hiyo huchukua chini ya dakika moja, kisha anakwenda chini kimya. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani kote mwaka 2021.

Bwawa la shamba lina hila ambazo bwawa la hoteli halina. Juu maji yamepashwa na jua, lakini hatua chache chini ni baridi inayokata pumzi. Sakafu ni tope linalonasa mguu. Ukingo unaweza kuwa wa magoti, na hatua inayofuata ukawa kwenye shimo lililochimbwa kutoa udongo wa tuta. Halafu rangi ya maji: aliyezama nusu mita humwoni tena.

Kwa hiyo siku za wageni kwetu kuna mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia maji. Hakati tikiti, hachomi nyama, hashiki simu. Baada ya saa mbili anapokezwa na mwingine, kwa sababu macho huchoka. Na hakuna anayeogelea nje ya sehemu tuliyoipima na kuizungushia kamba yenye vyelezo.

5. Rusha kamba, usijirushe

Baada ya siku ile nilimuuliza mzee kwa nini hakuruka kumfuata kijana. Alinijibu kwamba alipokuwa mdogo aliona ndugu wawili wakizikwa siku moja, mmoja alizama na mwingine alimfuata. Anayezama hushika chochote, hata shingo ya anayemwokoa, naye humkandamiza bila kukusudia.

Leo kuna nguzo nne kuzunguka bwawa, na kila moja ina mtungi wa njano wa lita 20 uliofungwa kifuniko barabara, wa lita tano pembeni yake, na kamba ya mita 20. Mtungi mtupu wa lita 20 unaweza kubeba karibu kilo 20 juu ya maji. Mtu mzima aliye majini huhitaji kilo chache tu za kuinuliwa ili kichwa kibaki juu. Ule wa lita tano hurushwa mbali zaidi, hasa ukiwa na maji kidogo ndani ya kuupa uzito. Kando ya mashua kuna mwanzi mrefu wa kumnyooshea aliye karibu na ukingo. Vifaa vyote hivyo havikugharimu hata kiingilio cha Jumapili moja, na mtu akithubutu kuchukua mtungi wa nguzoni kuteka maji, nyumba nzima itanisikia.

Kuvuta mtu nje ni nusu ya kazi. Zamani ningemning'iniza kichwa chini au kumkamua tumbo maji yatoke. Mkufunzi wa huduma ya kwanza alitukataza vyote viwili. Kama mtu hapumui, kinachomuua ni kukosa hewa, basi mpe hewa: mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi tano. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30, mpulizie mara mbili, na uendelee hivyo mpaka msaada ufike huku mwenzako akipiga 999 au 112. Hata akizinduka mpeleke hospitali, kwa sababu mapafu yanaweza kumgeuka saa kadhaa baadaye. Jifunze kwa mkufunzi, kwa mikono yako.

6. Mashua haitaki pombe, na jaketi si pambo

Mashua yetu inabeba watu wanne. Idadi hiyo imeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu, na mtoto huhesabiwa kama mtu. Kila anayepanda huvaa jaketi okozi, na mikanda hufungwa kabla ya mguu kuingia mashuani. Nimeona mashua za watu wengine ambako jaketi zimelundikwa chini ya kiti. Mashua ikipinduka, aliyekaa juu ya jaketi ni sawa na asiye nalo.

Pombe ilituletea ubishi mkubwa. Wageni huja na masanduku yao ya barafu, na sikuwa radhi kupekua mizigo ya mtu. Tuliamua hivi: aliyekunywa atakula, atapiga soga, atalala chini ya mti, lakini hapandi mashua na haingii majini. Siku moja mgeni mkubwa wa heshima alikasirika, akataka arudishiwe pesa zake. Mume wangu alimrudishia zote, pamoja na za wenzake sita. Hasara hiyo haikuniuma hata kidogo.

7. Mgeni wa kwanza wa bwawa ni mtoto ambaye hukumwalika

Hili ndilo funzo la machozi. Mwaka 2019 nilihudhuria mazishi ya mtoto wa miaka sita aliyezama kwenye bwawa la shamba jingine. Hakuwa mgeni wala hakulipa kiingilio. Alikuwa ametumwa na mama yake kuchota maji, akapita kwenye mwanya wa ua kama watoto wote wa hapo walivyozoea. Kaburini mama yake alikuwa bado ameshika mtungi mdogo wa lita tatu, na hakuna aliyethubutu kuuchukua mkononi mwake.

Nilirudi nyumbani nikatembelea ua wetu kwa macho ya mtoto wa miaka sita. Nilihesabu mianya mitano. Tuliiziba yote, tukapanda miiba ndani ya senyenge. Lakini ua peke yake haumzuii mwenye kiu. Mtoto anakuja bwawani kwa sababu nyumbani hakuna maji, na ng'ombe wanaletwa kwa sababu mto umekauka. Kwa hiyo tulivuta bomba kutoka bwawani hadi nje ya ua, tukajenga birika la mifugo na kuweka mfereji wa maji kwa majirani. Tangu hapo hakuna aliyetoboa ua.

Mabango ya "Kina Kirefu" tumeyaweka kwa Kiswahili na Kikuyu, na juu yake pamechorwa mkono wa mtu anayezama, kwa maana wanaohitaji onyo zaidi hawajajua kusoma.

8. "Ingia kwa hiari yako" si kinga

Nilidhani bango la namna hiyo langoni linatuondolea lawama. Wakili alinielekeza kwenye sheria ya Kenya kuhusu wajibu wa mwenye majengo au ardhi kwa wanaoingia humo, Sura ya 34. Inamtaka mwenye mahali achukue tahadhari ya kutosha ili mgeni awe salama, na inasema wazi kwamba ategemee watoto kuwa na uangalifu mdogo kuliko watu wazima. Nayo Sheria ya Maji ya 2016 inataka bwawa liwe na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. La kwetu lilikuwa la zamani kuliko sheria zenyewe, lakini uzee wake haukutupa ruhusa. Tulikwenda, tukalieleza lilivyo, tukajaza fomu. Ilichukua miezi na safari nyingi. Faida yake ni kwamba sasa kuna macho mengine yanayolitazama tuta, na si yetu tu.

9. Raha ya maji hufundishwa

Wapo waliotushauri tufunge kabisa. Niliwaza sana, nikakataa. Watoto wa bara wanakua wakiogopa maji au wakiyadharau, na yote mawili huua. Mtoto aliyefundishwa kuelea, kugeuka chali na kutulia akisubiri msaada ana silaha ya maisha.

Kila likizo ya Agosti mwalimu wa kuogelea kutoka mjini huja kwa wiki mbili. Watoto wa zile nyumba 14 hujifunza bila malipo, kwenye sehemu yenye kina cha kifuani mwao, jaketi zikiwa karibu na mtu mzima ndani ya maji. Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 25 Julai kuwa Siku ya Kuzuia Kuzama Duniani, na siku hiyo shule ya jirani huja kwetu kufanya mazoezi ya kurusha mitungi. Mwaka jana mjukuu wa yule mzee, msichana wa miaka tisa, aliwashinda wavulana wote.

Mzee bado huja kuvua, na bado hukalia mtungi wake. Baada ya mvua kubwa ya mwisho nilimuuliza usiku ulikuwaje huko chini. Alitia chambo kwenye ndoana bila haraka, akasema, "Tulilala, Mwalimu."

Ndugu yangu mwenye bwawa, kabla mvua ijayo haijaanza, fyeka utoro wako, kinga maji ya chini ya tuta kwenye glasi uyatazame juani, kisha fuata kijito kwa miguu ukahesabu nyumba. Ukifika kwenye ya mwisho, bisha hodi, jitambulishe, na uache nambari yako ya simu.